Moto Kabla ya Meza: Mahali pa Kufungua Kinywa Mjini Tanga

Mazungumzo yetu na wananchi na wageni wa Jiji la Tanga

Tunazungumzia jambo ambalo wengine wangeliona dogo: mahali pa kula asubuhi.

Mgeni anayeshuka katika kituo cha mabasi cha Kange alfajiri, macho mazito kwa usingizi, hana swali kubwa kuliko hilo. Akijua kwamba sisi ni watumishi wa ofisi ya kulinda walaji, hutuuliza: "Nikale wapi, nisije nikaugua?" Nasi hatuwezi kumtajia mgahawa. Ofisi ya umma haina ruhusa ya kumsifu mfanyabiashara mmoja na kumwacha jirani yake. Tunaloweza kumpa mgeni huyo, na kuwapa ninyi leo, ni macho ya kuchagulia. Lakini kabla ya kuwafundisha wengine kutazama, yatupasa tukiri siku ambayo sisi wenyewe hatukutazama.

Miaka michache iliyopita tuliletwa Tanga kwa mafunzo ya wiki moja. Tulikuwa wanane, sote wapya kazini. Asubuhi ya siku ya tatu, watano kati yetu tulitembea hadi Ngamiani tukanunua vitumbua kwa mama mmoja aliyekaa kando ya njia, kikaango chake chenye vishimo kikiwa juu ya jiko la mkaa. Tulikula tukiwa tumesimama, vidole vikiungua. Kisha tukarudi hotelini, na kwa kuwa kifungua kinywa cha hapo kilikwisha kulipiwa pamoja na chumba, tukaketi mezani tena na wenzetu watatu waliobaki. Palikuwa na mayai, mkate, matunda yaliyokatwa, na sinia kubwa la jodari aliyeungwa kwa nazi. Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe. Sinia lilikuwa vuguvugu.

Saa moja haikupita kabla sita kati yetu hatujaanza kuugua. Nyuso zilituwaka, vichwa viligonga, ngozi iliwasha, na mioyo ilikwenda mbio. Neno la kwanza lililotoka vinywani mwetu lilikuwa "vitumbua". Hakuna aliyemtazama jodari. Tulikuwa tumekula barabarani, na barabarani ndiko tulikoamini kwamba ugonjwa unakaa. Mmoja wetu alimwambia mhudumu wa hoteli, mhudumu akamwambia dereva wa bajaji, na kabla ya adhuhuri habari ilikwisha kufika Ngamiani kwamba maofisa wa serikali wamelishwa sumu na mama wa vitumbua.

Hospitalini daktari hakuuliza tulikula wapi. Aliuliza nani alikula nini, akaandika majina manane katika karatasi na kupiga mistari. Karatasi ile ndiyo iliyotuaibisha. Miongoni mwa sisi tuliokula vitumbua, mmoja hakugusa samaki, na huyo alikuwa mzima. Miongoni mwa wenzetu ambao hawakufika Ngamiani kabisa, wawili walikula jodari, na wote wawili walikuwa wagonjwa. Wa nane alikula mayai na mkate tu, naye hakuumwa. Wagonjwa sita walikuwa na chakula kimoja tu walichokula wote, nacho ni jodari wa hotelini.

Daktari alitueleza jambo ambalo mlaji wa pwani anapaswa kulijua. Samaki wa jamii ya jodari, nguru na vibua, wasipowekwa katika barafu mara tu baada ya kuvuliwa, vijidudu hubadilisha kitu kilichomo katika nyama yao na kuzalisha kemikali iitwayo histamini. Kemikali hiyo haiondoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kugandishwa. Samaki anaweza kuwa na sura njema na asinuke. Pengine utahisi ladha kali kama ya pilipili manga ulimini, pengine hutahisi lolote. Dalili hutokea upesi, mara nyingi kati ya dakika chache na saa mbili, na kwa watu wengi hutoweka ndani ya siku moja. Anayeshindwa kuvuta pumzi, au anayevimba midomo na koo, apelekwe hospitali bila kungoja.

Sisi tulipona jioni ile ile. Mama wa vitumbua hakupona jioni ile. Kesho yake alirudi nyumbani na ndoo ya rojo la unga wa mchele ambalo hakuna aliyelinunua. Na rojo lililokwisha kutiwa hamira na tui la nazi haliwekwi hadi kesho kutwa. Tulimwendea tukiwa wanane, tukamwomba radhi mbele ya majirani zake, tukanunua na kula pale pale ili watu waone. Alitupokea kwa adabu. Alituambia, "Wanangu, mimi napika mbele ya macho yenu. Mngetazama, msingenitaja." Wateja wake walirudi mmoja mmoja, kwa majuma. Uvumi wetu ulifika Ngamiani katika nusu siku. Masahihisho yetu yalikwenda kwa miguu.

Mazungumzo haya ni deni letu kwake. Na fundisho lake ni hili: usalama wa chakula cha asubuhi haukai katika ukubwa wa jengo wala weupe wa kitambaa. Unakaa katika moto, saa, maji na mikono, na vyote hivyo mlaji anaweza kuvitazama kabla hajatoa shilingi yake.

Tuanze na moto. Vijidudu vinavyotuletea maradhi hustawi katika chakula kilicho kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Juu ya hapo vingi havizaliani, na chini ya hapo hupooza. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na joto la Tanga halihitaji maelezo. Hatuwaambii mwende mgahawani na kipimajoto. Mvuke unatosha. Supu inayotokota jikoni, chapati inayoondolewa chumani ikiwa bado inafuka, kitumbua kinachogeuzwa mbele yako: hivyo vina ushahidi wake vyenyewe. Chakula kilicho vuguvugu ndicho cha kukitilia shaka, kiwe katika sufuria la kibandani au katika sinia la hoteli.

Pili, saa. Muulizeni mpishi, kwa upole, chakula kimepikwa lini. Mbaazi za nazi ni fahari ya asubuhi ya pwani, lakini tui huharibika upesi. Mbaazi zilizochemshwa jana zikahifadhiwa baridi, kisha zikaungwa kwa tui leo alfajiri, hazina ubaya. Zilizoungwa jana jioni na kulala mezani zimefunikwa kwa sinia, hizo ni nyingine. Vivyo hivyo kiporo cha wali. Wengi wetu tumekulia kiporo, nasi hatuji kukivunjia heshima. Lakini katika mchele huwamo kijidudu ambacho mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukilala katika joto la nyumba, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kiporo salama ni kile kilichopoozwa upesi usiku na kuwekwa katika jokofu, kisha kikapashwa hadi kikafuka chote.

Tatu, maji. Chai na kahawa, kwa kuwa maji yake yamechemka, ni vinywaji salama kuliko vingi, mradi kikombe kimeoshwa. Basi tazameni kikombe kinaoshwaje. Beseni moja la maji ambalo vikombe hamsini vimezamishwa tangu alfajiri haliondoi uchafu, linaugawa. Tazameni kama pana ndoo yenye koki na sabuni kwa ajili ya kunawa kwa maji tiririka. Miaka ya kipindupindu ilitufunza hilo kwa gharama kubwa, na si vizuri tulisahau kila ugonjwa unapoondoka. Juisi yenye barafu, na kachumbari iliyokatwa mapema, huulizwa swali hilo hilo: maji yake yametoka wapi?

Nne, mikono. Mkono unaopokea noti na mkono unaoshika andazi visiwe mkono mmoja bila kunawa katikati. Penye watu wawili, mmoja wa pesa na mmoja wa chakula, au pale mpishi anapotumia koleo au uma, hapo pana nidhamu. Anayeandaa chakula cha kuuza hutakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita. Mlaji ana haki ya kuuliza kama mhudumu amepimwa, na mfanyabiashara mwema hatachukia. Tena, tuwaombe wauzaji waache kufungia maandazi na bajia katika magazeti ya zamani: wino huingia katika mafuta, na hatujui karatasi ile imepita mikono mingapi. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Anayetaka kula nyumbani atoke na bakuli lenye mfuniko. Bibi zetu walifanya hivyo, na supu haikupungua utamu.

Sasa twende mjini, tukayatumie macho hayo.

Tukianzia Ngamiani, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, asubuhi huanza mara baada ya swala. Hapa pana vitumbua, mahamri, mihogo, mbaazi, na kahawa chungu inayomiminwa kutoka katika birika lililokaa juu ya makaa, pamoja na kashata. Faida ya Ngamiani ni uwazi: jiko liko mbele yako, na mpishi hana pa kujificha. Tazameni wingi wa wateja. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Penye foleni, chakula hakipati muda wa kupoa. Tazameni pia mafuta. Yakiwa meusi, mazito, yenye povu na moshi unaochoma macho, yamekaangiwa mara nyingi kupita kiasi. Na tazameni kama vilivyokwisha kuiva vimefunikwa dhidi ya nzi na vumbi, maana uwazi huo unaotuonyesha mpishi huwaonyesha nzi chakula.

Tukifika karibu na soko la Mgandini tunakuta supu na chapati, chakula cha mchukuzi, cha dereva na cha mwenye kazi nzito. Supu ya ng'ombe au ya mbuzi inayochemka bila kukoma ni miongoni mwa vyakula vya asubuhi vyenye usalama zaidi. Hatari yake iko pembeni: ndimu iliyokatwa kwa kisu kilichokata nyama mbichi, pilipili ya kusaga iliyokaa mezani tangu juzi, bakuli lililofutwa kwa kitambaa kilicholowa. Nyama mbichi na chakula kilichoiva visikae ubao mmoja. Mkiona kisu kimoja kinafanya kazi zote mbili, semeni.

Deep Sea, kwenye mwalo wa samaki, asubuhi ina mvuto wake. Boti zinarudi, mnada unaanza, na pembeni samaki wanakaangwa. Ukaribu na bahari humdanganya mlaji, akadhani kila samaki wa hapo amevuliwa usiku ule. Hapa tunawaomba mtazame barafu. Samaki mzima awe na macho angavu yaliyojaa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ikibonyezwa kwa kidole. Kwa jodari, nguru na vibua, muulize alivuliwa lini na alikaa wapi tangu hapo. Jibu likiwa la kusitasita, kuna samaki wengine. Na aliyekwisha kukaangwa jana, akiwa amelala kabatini bila baridi, hatengenezwi upya kwa kurushwa tena katika mafuta.

Raskazone, na kwingineko penye hoteli zinazotazama bahari, mlaji hulipia utulivu, kiti na upepo. Hilo si kosa; kila mtu na uwezo wake. Lakini bei haibadili sheria ya vijidudu. Chakula kilichopangwa mezani ili watu wajipakulie kinapaswa kuwa juu ya chombo chenye moto chini yake, na vya baridi, kama maziwa, mtindi na matunda yaliyokatwa, viwe juu ya barafu au katika jokofu. Fikeni mapema, wakati vyakula vimetoka jikoni. Mkichelewa, agizeni yai likaangwe papo hapo. Kama mmeambiwa chumba kinajumuisha kifungua kinywa, ulizeni siku ya kwanza kinajumuisha nini: chai na mkate tu, au na mayai na matunda pia? Mmekwisha kulipia chakula hicho. Mna haki ya kujua mlicholipia.

Na kwa msafiri wa Kange mwenye dakika kumi kabla basi halijaondoka, ushauri wetu ni mfupi. Chagua kinachopikwa wakati huo, au kisichohitaji kupikwa: chapati ya moto, yai la kuchemsha unalolimenya mwenyewe, ndizi mbivu unayoimenya mwenyewe. Maziwa na juisi za pakiti, soma tarehe ya mwisho wa matumizi na uangalie kama pakiti haijavimba.

Kuhusu bei, neno letu ni moja: ulizeni kabla ya kuketi. Penye ubao wa bei, usomeni. Pasipo na ubao, ulizeni bei ya kila kitu, si ya chai peke yake. Ugomvi mwingi wa kifungua kinywa huanza pale mgeni anapoona amehesabiwa kachumbari aliyodhani ni ukarimu. Hotelini na katika migahawa mikubwa, daini risiti. Risiti ndiyo ushahidi wenu lolote likitokea. Si kila mama lishe anatakiwa na sheria kuwa na mashine ya risiti, hivyo kwake kumbukeni mahali, siku na saa.

Tukiugua je? Kwanza, tiba. Anayeharisha anywe maji yenye chumvi maalumu za kuongeza maji mwilini, yanayopatikana dukani na zahanati. Mtoto mdogo, mzee, mjamzito, na yeyote mwenye damu katika choo au homa kali, asikae nyumbani kusubiri.

Pili, karatasi ya daktari wetu. Kabla ya kutaja jina la mtu yeyote, andikeni: nani alikula nini, wapi, saa ngapi, na nani aliugua, saa ngapi. Waulizeni pia waliobaki wazima, maana wao ndio wanaoonyesha kisicho na hatia. Kumbukeni kwamba chakula cha mwisho kuliwa sicho kila mara kilichodhuru. Maradhi mengine huchukua siku moja au zaidi kabla ya kujitokeza. Kikibaki chakula, kiwekeni mahali pa baridi na msikitupe.

Tatu, pelekeni habari hizo panapostahili. Kwa usafi wa mgahawa, kibanda au genge, mwendeeni afisa afya wa kata au wa Halmashauri ya Jiji. Kwa bidhaa za viwandani zilizoharibika au zisizo na alama ya ubora, liko Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 limekabidhiwa pia kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa. Kwa matangazo ya udanganyifu, iko Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Malalamiko yaliyoandikwa vizuri humlinda mlaji wa kesho, na humlinda mfanyabiashara asiye na kosa. Malalamiko ya mdomoni, yanayopita kwenye bajaji na vijiweni, hayamlindi yeyote. Tunasema hivyo tukijua tunachosema.

Ndugu zetu, Tanga huitwa mji wa waja leo, waondoka leo. Mgeni anayeondoka leo hatasubiri uchunguzi wetu. Ataondoka na kile alichokula na kile alichosikia. Basi wenyeji, mwonyesheni mahali penye moto. Na mkisikia jina la mama fulani likisemwa kwa ubaya kwa sababu ya tumbo la mtu, ulizeni kwanza: walikula nini kingine?

Yule mama wa Ngamiani bado yupo kando ya njia ile. Kila tunapokuja Tanga kikazi humpitia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Huturuhusu tusimame karibu na jiko, tutazame. Siku hizi ametundika ndoo yenye koki na sabuni, na bintiye ndiye anayepokea pesa. Hatukumwagiza. Alituambia kwamba tangu siku zile watu hutazama zaidi, naye ameona heri wakitazama waone.

Kuleni kwa amani.